Lugha ya wazee: safari ya karne moja ya kuisikiliza akili

Katika familia nyingi dalili ya kwanza huingia kwa njia ya masikio. Bibi aliyekuwa akisimulia mambo ya zamani kwa mpangilio, bila kuacha jina la mtu hata mmoja, anaanza kuita vitu "kile kidude" na watu "yule mwenzenu". Babu anaanza sentensi, anaikatisha katikati, kisha anatazama dirishani. Watoto hutazamana. Mmoja husema ni uzee tu, mwingine huanza kuingiwa na hofu.

Swali linalozisumbua familia hizo, wapenzi wasikilizaji, ndilo lililowashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya miaka 100: je, maneno ya kila siku ya mzee yanaeleza nini kuhusu hali ya akili yake? Majibu yamepatikana kidogo kidogo, na mahali pengi pasipotarajiwa: katika wodi ya hospitali nchini Ujerumani, katika makabati ya watawa wa Kikatoliki nchini Marekani, katika kliniki za Canada na India, na katika vijiji vilivyo chini ya Mlima Kilimanjaro. Makala haya yanaifuatilia safari hiyo, na fundisho moja lililojirudia katika kila kituo chake: maneno ya mzee yanaweza kufichua mengi, lakini kwa yule tu anayejua mzee huyo amezoea kusema kwa lugha gani na kwa namna gani.

Mazungumzo ya Frankfurt

Tarehe 25 Novemba mwaka 1901, mwanamke wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt. Mumewe, aliyekuwa karani wa shirika la reli, alikuwa ameshindwa kumhudumia nyumbani. Siku iliyofuata daktari kijana, Alois Alzheimer, aliketi na mgonjwa huyo na kuanza kuandika kila alichojibiwa.

Alimwuliza jina lake, akajibu: Auguste. Jina la ukoo? Auguste. Na jina la mume? Mgonjwa alisitasita, kisha akasema anadhani ni Auguste. Wakati wa chakula cha mchana alikuwa akila koliflawa na nyama ya nguruwe, lakini alipoulizwa anakula nini alijibu kuwa ni mchicha. Alionyeshwa vitu vya kawaida kama kalamu na ufunguo, akavitaja sawasawa. Muda mfupi baadaye hakukumbuka hata kimoja. Alipotakiwa kuandika jina lake, aliandika neno "Bibi" na kusahau yaliyobaki. Yeye mwenyewe alimweleza daktari kwamba amejipoteza.

Auguste Deter alifariki mwezi Aprili mwaka 1906. Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa darubini, na mwezi Novemba mwaka huo huo akawaeleza madaktari wenzake mjini Tübingen mabadiliko aliyoyaona. Mwaka 1910 mkuu wake wa kazi, Emil Kraepelin, aliupa ugonjwa huo jina la Alzheimer katika kitabu chake cha tiba. Faili la mgonjwa halikujulikana liliko kwa miongo mingi, hadi lilipopatikana mjini Frankfurt mwezi Desemba mwaka 1995.

Faili hilo linakumbusha jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Kabla ya darubini kulikuwa na mazungumzo. Kipimo cha kwanza cha ugonjwa huo kilikuwa swali la kawaida kabisa, lililoulizwa kwa Kijerumani, na mtu aliyekuwa na subira ya kusikiliza jibu na kuliandika.

Hata hivyo, sifa ya ugunduzi huo iliambatana na kosa moja lililodumu muda mrefu. Kwa kuwa mgonjwa wa kwanza alikuwa na miaka 51, ugonjwa wa Alzheimer ulihesabiwa kuwa maradhi adimu ya watu wa makamo. Mzee wa miaka 75 aliyepoteza kumbukumbu hakuhesabiwa kuwa mgonjwa. Ilisemwa tu kwamba amezeeka. Ni katika miaka ya 1960 na 1970, kufuatia uchunguzi uliofanywa mjini Newcastle nchini Uingereza na hoja za daktari Robert Katzman wa Marekani mwaka 1976, ndipo madaktari walipokubali kwamba mabadiliko aliyoyaona Alzheimer ndiyo yale yale yanayopatikana katika ubongo wa wazee wengi wenye maradhi ya usahaulifu, yaani dimensia.

Yanayopungua na yanayobaki

Wakati madaktari walipokuwa wakichunguza ugonjwa, wanasaikolojia walikuwa wakiuliza swali jingine: akili ya mzee asiye mgonjwa inakuwaje? Katika miaka ya 1940, mwanasaikolojia Raymond Cattell, mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi Marekani, alitenganisha akili katika mafungu mawili. La kwanza ni wepesi wa kutatua jambo geni. La pili ni maarifa yaliyojikusanya kwa miaka: maneno, desturi, ustadi wa kazi. Alieleza kuwa fungu la kwanza huanza kupungua mapema, ilhali la pili hudumu.

Mwaka 1956 mtafiti kijana, K. Warner Schaie, alianza kuwapima watu 500 katika mji wa Seattle. Alirudi kwao kila baada ya miaka saba, akaongeza wengine, na kazi hiyo iliendelea kwa zaidi ya nusu karne. Matokeo yake yalisaidia kuvunja dhana kwamba uzee ni mteremko mmoja tu. Kasi ya kufikiri ilishuka mapema, lakini uelewa wa maneno ulibaki imara hadi umri mkubwa.

Schaie alikuwa ameanza na shauku ya jambo mahususi, ambalo kwa Kiswahili laweza kuitwa unyumbufu wa akili. Ni uwezo wa mtu kuacha njia moja ya kufikiri na kushika nyingine pale hali inapobadilika, bila kung'ang'ania ile ya kwanza. Katika takwimu zake, watu waliokuwa wepesi wa kubadilika walipofika umri wa makamo walielekea kupungukiwa kidogo zaidi walipozeeka.

Kutokana na utafiti wa namna hiyo, familia zinaweza kupata faraja ya kwanza. Mzee anayesema "jina lake liko hapa mdomoni" si lazima awe mgonjwa. Neno bado limo ghalani. Kilicholegea ni njia inayounganisha maana ya neno na sauti zake, na majina ya watu ndiyo yanayoathirika zaidi kwa sababu hayana maana nyingine ya kuyashikilia. Mzee mwenye afya hulizunguka neno lililompotea: husema "yule mtoto wa mwalimu, aliyeoa Tanga", na safari inaendelea. Kuzunguka huko nako ni unyumbufu. Dalili ya kuangaliwa zaidi ni pale anapopotea mtu mwenyewe, si jina lake tu, au pale mzee anapokosa hata hiyo njia ya kuzunguka.

Karatasi za watawa

Mwezi Septemba mwaka 1930, mkuu wa shirika la masista wa Notre Dame huko Amerika Kaskazini aliagiza kila mtawa aandike habari fupi za maisha yake katika karatasi moja: alikozaliwa, wazazi wake, shule alizosoma na yaliyomvuta kuingia utawani. Karatasi hizo ziliwekwa katika kumbukumbu za shirika.

Zaidi ya nusu karne ilipita. Mwaka 1986 mtafiti David Snowdon alianza kuwachunguza masista wazee wa shirika hilo katika jimbo la Minnesota. Hatimaye masista 678, wenye umri wa kati ya miaka 75 na 102, walikubali kupimwa kumbukumbu zao na, baada ya kufa, ubongo wao uchunguzwe. Kwa mtafiti kundi hilo lilikuwa na faida kubwa. Walikuwa wamekula chakula kimoja na kuishi chini ya paa moja, hawakuvuta sigara, na wengi wao walikuwa walimu. Kwa hiyo tofauti kati yao isingeweza kuelezwa kwa urahisi kwa utajiri au umaskini.

Snowdon alipogundua karatasi za zamani, alimwita Susan Kemper, mtaalamu wa saikolojia ya lugha wa Chuo Kikuu cha Kansas. Kemper hakuangalia mwandiko wala tahajia. Alihesabu mawazo: katika kila maneno kumi, mna mambo mangapi yanayosemwa? Mfano wa kubuni unaweza kusaidia. Mtu mmoja aandike: "Nilizaliwa kijijini. Nilikuwa na baba na mama. Nilipenda shule." Mwingine aandike: "Nilizaliwa usiku wa mvua, mtoto wa sita wa seremala ambaye, ingawa hakujua kusoma, alimpeleka shule kila mmoja wetu." Wote wawili wanaeleza utoto wao, lakini sentensi ya pili imefumwa kwa mawazo mengi yanayotegemeana.

Matokeo yalichapishwa mwezi Februari mwaka 1996. Yalihusu karatasi za masista 93, waliokuwa na wastani wa miaka 22 walipoziandika. Wale ambao maandishi yao ya ujana yalikuwa na mawazo machache walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata alama za chini katika vipimo vya akili takriban miaka 58 baadaye. Miongoni mwa 14 waliokuwa wamefariki na kuchunguzwa ubongo, ugonjwa wa Alzheimer ulithibitishwa kwa wote wenye mawazo machache, na haukuonekana kwa yeyote kati ya wenye mawazo mengi.

Ni rahisi kulisoma tokeo hilo kama hukumu, na wengi walilisoma hivyo. Lakini 14 ni idadi ndogo. Aidha, utafiti huo haukuweza kuamua kama lugha tajiri inaukinga ubongo, au kama lugha yenye mawazo machache ni kivuli cha jambo jingine lililoanza mapema maishani. Sista mmoja, anayejulikana katika maandishi ya utafiti kwa jina la Sista Mary, alifariki akiwa na miaka 101 huku alama zake za akili zikiwa za juu. Ubongo wake ulikutwa umejaa dalili za ugonjwa wa Alzheimer. Kwa hiyo dalili zilizo ndani ya ubongo si sawasawa kabisa na maisha ya mtu anavyoyaishi.

Miaka michache baadaye uchunguzi wa maandishi ulifanywa nchini Uingereza, safari hii kwa kazi za uzeeni. Mwandishi wa riwaya Iris Murdoch, aliyepata tuzo ya Booker mwaka 1978, alichapisha riwaya yake ya mwisho mwaka 1995, akathibitishwa kuwa na ugonjwa wa Alzheimer baadaye, na kufariki mwezi Februari mwaka 1999. Daktari Peter Garrard na wenzake walilinganisha riwaya yake ya kwanza ya mwaka 1954, ile iliyopata tuzo, na ya mwisho. Sarufi ilikuwa haijatetereka, lakini msamiati ulikuwa umepungua na maneno ya kawaida yalikuwa yamechukua nafasi ya yale adimu. Mwandishi huyo aliandika kwa mkono na hakupenda kazi yake iguswe na wahariri. Kwa sababu hiyo maneno yaliyohesabiwa yalikuwa yake mwenyewe.

Kilichowezesha uchunguzi huo ni kwamba Murdoch alilinganishwa na Murdoch. Hakulinganishwa na mwandishi mwingine wala na kipimo cha watu wote.

Wanyama katika dakika moja

Si kila mzee aliyeacha riwaya au karatasi kabatini. Ndiyo maana kipimo kimoja kinachotumiwa sana na wataalamu ni cha mdomo tupu: taja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja. Kinaonekana kama mchezo wa watoto. Mwaka 1997 watafiti wa Toronto, Angela Troyer, Morris Moscovitch na Gordon Winocur, walionyesha kuwa ndani ya dakika hiyo mna kazi mbili. Mtu huchota wanyama wa kundi moja, kisha, kundi likikauka, hulazimika kuruka kwenda kundi jingine.

Mzee wa Kiswahili anaweza kuanza na zizi: ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Linapokauka huingia porini: simba, chui, fisi, nyati. Kisha hurudi kwenye makazi ya watu: paka, mbwa, panya. Kuchota ndani ya kundi hutegemea ghala la maneno. Kuruka hutegemea unyumbufu wa akili. Watafiti hao waliona kwamba wazee, hata wenye afya, huruka mara chache kuliko vijana. Kwa njia hiyo, neno ambalo kwa kawaida huhesabiwa tu lilianza kusomwa kama nyayo za akili inayotembea.

Kwa mamilioni ya watu, kuruka huko hakuishii kwenye makundi ya wanyama. Wao huruka kutoka lugha hadi lugha kila siku. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, wasomi wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kuwa lugha mbili humchanganya mtoto. Mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa miaka kumi mjini Montreal, wakakuta waliojua Kifaransa na Kiingereza wakifanya vizuri kuliko wa lugha moja. Walipendekeza kuwa sababu mojawapo ni unyumbufu wa akili.

Upande wa wazee ulianza kuchunguzwa baadaye. Nchini Sweden mwaka 1989, Kenneth Hyltenstam na Christopher Stroud walichapisha habari za wagonjwa wa Alzheimer waliokuwa na lugha mbili. Shida yao haikuwa ya maneno pekee. Ilikuwa pia ya kuchagua: mtu huzungumza lugha ambayo aliye mbele yake haielewi, na hawezi tena kugeuka. Kuchagua lugha kwa kumtazama msikilizaji, jambo ambalo wenye lugha mbili hulifanya bila kulifikiria, kumbe ni kazi nzito ya akili.

Mwaka 2007 Ellen Bialystok na wenzake mjini Toronto walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 184 wa dimensia. Waliotumia lugha mbili maishani walianza kuonyesha dalili wastani wa miaka 4.1 baadaye kuliko wa lugha moja. Wakosoaji walisema wengi wa wenye lugha mbili mjini humo ni wahamiaji, na huenda wahamiaji wana afya bora tangu mwanzo. Jibu lilitoka Hyderabad, India, mahali ambapo Kitelugu, Kiurdu, Kihindi na Kiingereza hukutana sokoni bila mtu kuhama. Mwezi Novemba mwaka 2013 daktari Suvarna Alladi na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa 648. Tofauti ilikuwa miaka 4.5, na ilionekana hata kwa watu ambao hawakuwahi kujifunza kusoma.

Mwaka uliofuata matokeo yalipingana. Huko Edinburgh, watu 853 waliopimwa akili mwaka 1947 wakiwa na miaka 11 walipimwa tena wakiwa na zaidi ya miaka 70. Waliojifunza lugha ya pili walifanya vizuri kuliko ilivyotabiriwa na alama zao za utotoni. Lakini mjini New York, wahamiaji 1,067 wanaozungumza Kihispania walifuatiliwa kwa miaka mingi, na kujua Kiingereza hakukuchelewesha dimensia, ingawa wenye lugha mbili walianza na alama bora. Tafiti zinazowafuatilia watu kabla hawajaugua mara nyingi zimetoa picha kama hiyo ya New York. Kwa hiyo asiyejua lugha ya pili hana sababu ya kuogopa, na anayejua tatu hajapewa chanjo.

Kipimo kwa lugha ya nani?

Kadiri wataalamu walivyotegemea maneno kupima akili, ndivyo tatizo jingine lilivyojitokeza. Mwaka 1975 Marshal Folstein na Susan Folstein, pamoja na Paul McHugh, walitoa kipimo kifupi cha alama 30 kilichoenea duniani kote. Kinamtaka mgonjwa asome agizo na kulitii, aandike sentensi, anakili mchoro, na atoe saba kutoka 100 mfululizo. Humo mna pia msemo wa Kiingereza wa kurudiwa neno kwa neno, ambao ukitafsiriwa hupoteza ugumu uliokusudiwa. Mkulima aliyeendesha shamba na ukoo kwa miaka 50 bila kushika kalamu hupoteza alama kabla hajaulizwa lolote kuhusu kumbukumbu yake.

Watafiti waliokuwa wakiongozwa na Hugh Hendrie na Kathleen Hall wa Indiana walitafuta njia nyingine. Kipimo chao kilijaribiwa kwanza miongoni mwa Wakri, wenyeji wa asili wa jimbo la Manitoba nchini Canada. Hakikudai kusoma wala kuandika, na kilikuwa na sehemu ya pili muhimu: mahojiano na jamaa wa mzee kuhusu maisha yake ya kila siku. Mwaka 1992 kilipelekwa Ibadan, Nigeria, kwa ushirikiano na Benjamin Osuntokun, tabibu mashuhuri wa mishipa ya fahamu, ili kuwalinganisha wazee wa Kiyoruba na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kuwa dimensia mpya iliwapata Wayoruba asilimia 1.35 kwa mwaka, na Wamarekani weusi asilimia 3.24.

Njia hiyo iliwafikisha watafiti kwa wasemaji wa Kiswahili. Mwaka 2009 na 2010, katika vijiji vya wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi walipimwa kwa kipimo hicho cha Manitoba na Ibadan. Baada ya kurekebisha takwimu kwa umri, kiwango cha dimensia kilikuwa asilimia 6.4, si mbali na kinachoripotiwa katika nchi tajiri. Dhana kwamba maradhi hayo ni ya Wazungu haikuweza kutetewa tena.

Kutokana na kazi ya Hai kilizaliwa kipimo kifupi cha alama 15, kilichochapishwa mwaka 2014 na kujaribiwa pia Nigeria. Mzee huulizwa daraja ni nini. Hutaja wanyama kwa dakika moja. Hukumbuka orodha ya maneno kumi. Badala ya kuchora, hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Hakuna kalamu hata moja.

Hata hapo lugha haijamaliza maswali yake. Neno "daraja" kwa Kiswahili ni la kuvukia mto, lakini pia ni cheo au kiwango. Neno "mnyama" kwa wasemaji wengi halimhusu ndege, samaki wala mdudu, kwa hiyo mzee anayeacha kutaja njiwa na changu hajasahau, bali anaijua vyema lugha yake. Na katika Hai wazee wengi walilelewa kwa Kichaga, kisha wakafanya biashara na kuabudu kwa Kiswahili. Anayepima lazima ajue anabisha hodi kwenye mlango upi.

Wazee walio ugenini

Suala hilo lina uzito wa pekee kwa familia zilizo mbali na nyumbani. Wapo wazee mjini Muscat waliozaliwa Zanzibar na kuhamia Oman baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, ambao Kiarabu chao cha ofisini na Kiswahili chao cha sebuleni vimeishi pamoja kwa miongo mingi. Wapo wazee mjini London na katika miji ya Marekani waliojifunza Kiingereza ukubwani, kwa ajili ya kazi. Mzee wa namna hiyo anapoketi mbele ya daktari na kupimwa kwa Kiingereza, matokeo yanaweza kukosea kwa njia mbili. Anaweza kuonekana mgonjwa kwa sababu lugha ya kipimo si yake. Vile vile ugonjwa wake unaweza kupita bila kuonekana, kwa kuwa kila kosa linasingiziwa ugeni wa lugha.

Mjukuu anayetafsiri kwa mapenzi naye huweza kuuficha ukweli. Babu akijibu nusu, yeye huikamilisha. Babu akikosea siku, yeye huirekebisha kwa heshima. Daktari husikia sentensi nzuri ambayo mgonjwa hakuisema. Ndiyo maana inafaa familia iombe mkalimani asiye ndugu, na jamaa wabaki na kazi wanayoiweza kuliko mtu mwingine yeyote: kueleza mzee alikuwa akizungumza vipi zamani.

Maelezo hayo yakiandikwa mapema humsaidia sana tabibu. Mzee alilelewa kwa lugha gani, alisoma hadi wapi, alifanya kazi gani? Alikuwa msemaji au mkimya? Alizoea kutania, kutoa methali, kutega vitendawili? Je, bado humjua wa kumpa shikamoo na wa kumjulia hali tu, na bado hugeuza lugha kulingana na aliyeingia mlangoni? Mabadiliko yalianza lini, polepole au ghafla? Kama ni ghafla, hospitali isicheleweshwe, kwani kuvurugika kwa maneno kwa saa chache huweza kuwa dalili ya kiharusi. Na kama ni polepole, si kila sababu ni dimensia. Uziwi, huzuni nzito, upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi na baadhi ya dawa huweza kuifanya lugha ya mzee ionekane imechoka, na mengi kati ya hayo yana tiba.

Ugonjwa wa Alzheimer wenyewe haujapata tiba ya kuuondoa. Lakini kuutambua mapema humpa mzee nafasi ya kupanga mambo yake kwa kauli yake mwenyewe: mali, matibabu, mahali anapotaka kuishi, na maneno anayotaka kuwaachia wanawe. Nafasi hiyo hupita. Auguste Deter aliipata kwa ufinyu mno, na yaliyobaki ya kauli yake yamefika leo kwa sababu tu daktari alimsikiliza kwa lugha yake na kuandika alichosikia.